Softiboli: Mwamuzi ameona, mbona amenyamaza?

JOHANNESBURG – Kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati ndugu zetu walioko Ulaya wanavaa makoti, huku kusini mwa Afrika ni majira ya joto na ni msimu wa softiboli mashuleni. Viwanja vilivyokuwa vya raga na soka huchorwa mistari mipya ya chokaa yenye umbo la almasi. Watoto wetu hurudi nyumbani jioni wakiwa na vumbi magotini, glavu ya ngozi mkononi na malalamiko mdomoni: "Mama, mwamuzi kanionea."

Mama mwenyewe alizaliwa Tanga, au Bukavu, au Kisumu. Utotoni alicheza rede au kati. Soka anaijua, na kriketi aliiona kwa mbali ikichezwa na Wahindi wa mjini. Softiboli hakuwahi kuiona mpaka alipohamia Afrika Kusini. Leo amekaa pembeni ya uwanja, na anachokiona ni hiki: mpira umeruka juu, umedondoka chini, hakuna aliyeudaka, hakuna aliyemgusa binti yake, na bado mwamuzi ameinua ngumi ya mkono wa kulia. Binti ametolewa.

Makala yetu ya leo ni kwa ajili ya mzazi huyo, hasa yule anayeishi Rosettenville na vitongoji vya jirani kama Turffontein, Kenilworth, La Rochelle na Regents Park. Msomaji wetu aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Goma naye atafaidika, maana mchezo huu unaanza kubisha hodi Afrika Mashariki.

Kwa wasioifahamu, Rosettenville ni kitongoji cha kusini mwa Johannesburg ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kwa Wareno, wengi wao wenye asili ya kisiwa cha Madeira. Mgahawa wa kuku wa pilipili ambao mwaka 1987 uligeuka kuwa Nando's ulikuwa hapa. Lakini msomaji wa Kitanzania ana sababu nyingine ya kulijua jina hili. Padri Trevor Huddleston, aliyeongoza shule ya St Peter's ya Rosettenville ambako Oliver Tambo alisoma kisha akafundisha, ndiye huyo huyo aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1956 kwa sababu wenyewe hawakukubali kuiendesha chini ya sheria ya elimu ya kibaguzi.

Siku hizi Wareno wengi wamehama, na nyumba zao wanaishi Wamsumbiji, Waangola, Wakongo, Wanigeria, Wazimbabwe na Waafrika Kusini kutoka kila mkoa. Si ujirani mwepesi. Mei 2008 machafuko dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra, kaskazini mwa jiji, yaliua watu zaidi ya 60 nchini. Februari 2017 baadhi ya wakazi wa Rosettenville yenyewe walichoma moto nyumba walizodai kuwa ni madanguro na maficho ya dawa za kulevya, na wageni wengi walilala macho wazi wiki hizo.

Kwa hiyo mzazi wa kigeni anapoona mtoto wake akitolewa uwanjani bila maelezo, haraka anafika kwenye jibu analolijua: ni kwa sababu ya jina letu, ni kwa sababu ya lafudhi yetu. Sisi hatusemi kwamba jambo hilo haliwezi kutokea. Tunachosema ni kwamba softiboli ina kanuni ambazo kwa macho ya mgeni zinafanana kabisa na uonevu, na kuna sehemu nyingine ambapo uonevu, kama upo, unaweza kujificha vizuri mno. Mzazi anayetaka kumtetea mwanawe hana budi kuzitofautisha.

MSINGI KWANZA

Mchezo huu ulizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1887, kama besiboli ya kucheza ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Wamarekani waliofika Johannesburg miaka ya 1890 kufanya kazi kwenye migodi ya dhahabu walikuja na besiboli yenyewe, na softiboli ikafuata baadaye.

Timu moja inapiga, nyingine inalinda. Mrushaji husimama katikati na kurusha mpira kwa mkono unaotoka chini, akimlenga mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya bamba jeupe la mpira lililofukiwa ardhini. Kati yao, pembeni ya bamba, amesimama mpigaji na gongo lake. (Gongo hili si lile la kunywa, wazee wetu wasihamaki.) Akiupiga vizuri hukimbia kwenda beisi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akirudi salama kwenye bamba timu yake inapata alama moja. Timu inayolinda ikishatoa wapigaji watatu, zamu zinabadilishana. Mchezo kamili ni zamu 7.

Kwa wanawake umbali kutoka kwa mrushaji hadi kwenye bamba ni mita 13.11 tu. Mrushaji mzuri akirusha kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, mpira unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa aamue kama atapiga au ataacha, na mwamuzi aliyeinama nyuma ya mdakaji, kichwa chake kikiwa ndani ya kinyago cha chuma, anatakiwa aone mpira umepita wapi. Ukipita juu ya bamba, kati ya kifua na magoti ya mpigaji, ni straiki hata kama mpigaji hakusogea. Ukipita nje ya hapo naye asijaribu kuupiga, ni boli. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Boli nne, anatembea bure kwenda beisi ya kwanza. Mwamuzi huhesabu kwa kidude kidogo chenye magurudumu anachokificha kiganjani, na anapotangaza hesabu huanza na boli kisha straiki. Ukisikia "tatu, mbili", ujue mambo yamefika ukingoni kwa pande zote mbili.

Neno moja linalowachanganya wapenzi wa soka ni faulo. Kwenye soka faulo ni kosa la kumchezea mtu vibaya. Huku faulo ni mpira uliopigwa ukaenda nje ya mistari miwili inayotoka kwenye bamba. Mwamuzi huinua mikono yote miwili juu na mchezo unasimama. Hakuna aliyefanya ubaya. Mpigaji anahesabiwa straiki moja, lakini akiwa tayari na straiki mbili hesabu haiongezeki, anaendelea kupiga. Isipokuwa alipousogeza mpira taratibu kwa gongo bila kulizungusha, mbinu inayoitwa banti. Banti ikienda faulo wakati ana straiki mbili, ametoka. Watoto wengi wametokwa na machozi kwa kanuni hiyo.

YALE ANAYOYAAMUA MWENYEWE

Yapo makosa ya mpigaji ambayo mwamuzi akiyaona hutangaza papo hapo bila kuombwa na mtu. La kwanza linaanza kabla ya mchezo wenyewe, nalo linagusa mfuko wa mzazi.

Waamuzi hukagua magongo. Hutafuta nyufa, mabonyeo, kitu kinachocheza ndani, na alama ya kibali. Kanuni zinasema gongo lisizidi urefu wa sentimita 86.4 na sehemu yake nene isizidi kipenyo cha sentimita 5.7. Wengine hulipitisha kwenye pete maalumu, na likikwama linawekwa kando. Tatizo ni kwamba gongo la besiboli linafanana na la softiboli kama pacha, lakini unene wake unaweza kufika sentimita 6.67. Mzazi aliyepata gongo la bei nafuu kwenye duka la vitu vilivyotumika huenda amenunua la besiboli bila kujua. Lisipogunduliwa kwenye ukaguzi, likaja kuonekana mtoto akiwa amesimama nalo tayari kupiga, mtoto huyo anatolewa. Na kama gongo limechezewa makusudi ili lirushe mpira mbali zaidi, anafukuzwa mchezoni kabisa. Ushauri wetu ni mfupi: kabla ya kulipa, tafuta neno la kiingereza la mchezo wenyewe lililochapwa kwenye gongo, au mpeleke kocha akalione.

Kisha kuna kisanduku cha mpigaji. Ni mstatili wa chokaa wenye upana wa sentimita 91 na urefu wa mita 2.13, kila upande wa bamba. Mpigaji akiugusa mpira kwa gongo huku unyayo wake mzima ukiwa umekanyaga nje ya mistari, au akiwa amekanyaga bamba, ametoka, hata kama mpira umevuka uzio. Hii ni moja ya kanuni ngumu kuzitekeleza. Mwamuzi macho yake yako kwenye mpira, hayako kwenye viatu. Aidha, baada ya nusu saa ya watoto kukanyaga na kukwangua, chokaa imekwisha futika, na mvua ya radi ya alasiri ya Johannesburg ikipita hakuna mstari uliobaki. Ndiyo maana mwamuzi mwangalifu hatamtoa mtu kwa kosa la mguu kama hana uhakika, na mara nyingi anayeliona vizuri zaidi ni mwamuzi wa pili aliyesimama karibu na beisi. Wapo wapigaji wajanja wanaofuta mstari kwa kiatu mapema, kama mwanafunzi anayefuta jina lake kwenye orodha ya waliochelewa.

Mpigaji pia hana ruhusa ya kuchelewesha mambo. Kwa kanuni iliyozoeleka ana sekunde 10 za kuingia kisandukuni mara anapoitwa, la sivyo anahesabiwa straiki bila mpira kurushwa. Hawezi kuhama kutoka kisanduku cha kulia kwenda cha kushoto wakati mrushaji ameshasimama tayari. Na hawezi kumzuia mdakaji anapotaka kurusha mpira kumkamata mkimbiaji.

Sasa turudi kwa yule mama na mpira uliodondoka. Kanuni iliyomtoa binti yake ndiyo inayozua zogo kuliko zote.

Fikiria timu ya binti ina wakimbiaji kwenye beisi ya kwanza na ya pili, na haijapoteza watu wawili. Binti anapiga mpira unaokwenda juu kabisa lakini hauendi mbali, unashuka karibu na walinzi wa ndani. Wakimbiaji wanabaki kwenye beisi zao, kwa sababu mpira ukidakwa nao wametoka mapema wanaweza kukamatwa. Sasa mlinzi mjanja afanye nini? Angeuacha udondoke makusudi. Hapo wakimbiaji wangelazimika kukimbia wakiwa wamechelewa, naye angewatoa wawili kwa mpigo, pengine watatu. Ni hila, na kanuni imeiziba: mwamuzi akiona mlinzi wa ndani anaweza kuudaka mpira huo bila taabu, huinua mkono wa kulia ungali hewani na kutangaza kwamba mpigaji ametoka. Udakwe, usidakwe, ametoka. Hivyo wakimbiaji hawalazimiki kukimbia.

Kwa maneno mengine, binti ametolewa ili wenzake wawili wanusurike. Kanuni iliyoonekana kumwonea imetungwa kuilinda timu yake. Mama akimwangalia mwamuzi badala ya kuangalia mpira, angeuona mkono ukiinuka kabla mpira haujagusa chini. Na angeweza kuuliza kwa haki kama masharti yalitimia, maana kama beisi ya pili ilikuwa tupu, au tayari wawili walikwisha kutolewa, kanuni hiyo haifanyi kazi.

Upo upande wa pili ambapo kanuni inambeba mpigaji na wazazi wa timu nyingine ndio wanaopiga kelele. Straiki ya tatu ikimponyoka mdakaji ikaanguka, na beisi ya kwanza ni tupu, au wawili wameshatolewa, mpigaji hajatoka bado. Anaruhusiwa kukimbia. Tumeona watoto wakitembea vichwa chini kurudi benchi huku kocha akipasua koo: "Kimbia! Kimbia, binti yangu!" Mwamuzi hatamwambia mtoto akimbie. Si kazi yake.

ANAJUA, LAKINI HASEMI

Tumefika kwenye kiini cha makala hii. Katika softiboli kuna makosa ambayo mwamuzi anaweza kuyaona kwa macho yake mawili, akayajua waziwazi, na bado akatakiwa kukaa kimya mpaka timu pinzani ilalamike. Kwa sisi tuliozoea soka jambo hili ni geni. Refa wa soka anapoona mkono umegusa mpira hasubiri kuombwa apulize filimbi. Huku, kwa makosa fulani, timu isipodai haipewi.

Kosa kubwa la aina hiyo ni kupiga bila kufuata zamu. Kabla ya mchezo kocha huandika orodha ya wapigaji na nakala inafika kwa mwamuzi. Tuchukulie Asha ni wa tatu, Furaha wa nne na Thandi wa tano. Zamu ya Asha inafika, lakini yuko benchi anafunga kamba za viatu, na Furaha anaingia kupiga badala yake.

Likigunduliwa wakati Furaha bado anapiga, madhara ni madogo. Asha anaitwa, anaingia na kurithi hesabu ya boli na straiki aliyoikuta. Timu yenyewe inaruhusiwa kujirekebisha hapo bila adhabu.

Sasa tuseme hakuna aliyegundua. Furaha anapiga mpira mrefu, anafika beisi ya pili, na mkimbiaji mmoja anafunga alama. Shangwe. Kocha wa wapinzani anafunua karatasi yake, anakwenda kwa mwamuzi na kusema kwamba aliyepiga si zamu yake. Kama mrushaji hajarusha mpira wowote kwa mpigaji anayefuata, adhabu ni kali: anayetolewa si Furaha bali Asha, ambaye hata gongo hakulishika. Alama inafutwa na mkimbiaji anarudishwa alikokuwa. Na mpigaji anayefuata ni yule anayemfuata Asha kwenye orodha, yaani Furaha huyo huyo, ambaye anaondolewa beisi ya pili na kurudi kupiga upya.

Lakini kama kocha wa wapinzani alikuwa anakunywa maji, na mpira mmoja tu ukarusha kwa Thandi, basi yamekwisha. Alama inabaki, zamu ya Furaha inahesabika kuwa halali, na Asha atasubiri orodha izunguke tena. Mwamuzi alijua tangu mwanzo? Huenda alijua. Nakala ya orodha anayo mfukoni.

Hapo ndipo mzazi hukasirika, na tunamwelewa. Hata hivyo kanuni ina mantiki yake. Inachukulia kwamba kuangalia zamu ni kazi ya timu, kwamba umakini ni sehemu ya mchezo kama ulivyo mbio na nguvu, na kwamba mwamuzi akimtonya mmoja amekwisha kuwa mchezaji wa timu hiyo. Sisi binafsi tunaona kanuni hii ni kali mno kwa watoto wa miaka 10, na ligi kadhaa za watoto hulegeza baadhi ya mambo, hivyo ni vizuri kumuuliza kocha mwanzoni mwa msimu ligi yao inafuata nini. Ila kwa vijana wakubwa na watu wazima, ukimya wa mwamuzi ndiyo haki yenyewe, mradi anyamaze kwa wote.

Mfano mwingine uko beisi ya kwanza. Utaona ina rangi mbili: nusu nyeupe ndani ya mstari, nusu ya chungwa nje. Iliwekwa ili mkimbiaji na mlinzi wasigongane. Mpigaji akikimbilia hapo mara ya kwanza huku mpira unarushwa kumkamata, anatakiwa kukanyaga ya chungwa na kumwachia mlinzi nyeupe. Akikanyaga nyeupe peke yake, mwamuzi anaona, lakini hasemi kitu. Walinzi wakidai kabla hajarudi kwenye beisi, ametoka. Wasipodai, yuko salama. Ndivyo ilivyo pia kwa mkimbiaji aliyeruka beisi bila kuigusa.

Lipo na suala la gongo lililozungushwa nusu likarudishwa. Je, alijaribu kupiga au hakujaribu? Mwamuzi wa nyuma ya bamba akisema ni boli, mdakaji anaweza kumwomba amuulize mwenzake aliyeko pembeni, ambaye anaona mwendo wa gongo vizuri zaidi. Mwenzake akisema alizungusha, inageuka straiki. Mzazi asidhani kwamba mwamuzi ameshinikizwa. Ameuliza tu.

MAHALI PA KUANGALIA KWA MAKINI

Turudi kwenye swali la upendeleo, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Makosa ya zamu yana karatasi. Gongo lina kipimo. Mpira wa juu una masharti yanayohesabika: wakimbiaji wangapi, wako wapi, wangapi wametolewa. Kote huko mwamuzi mwenye nia mbaya ni rahisi kumbaini. Lakini boli na straiki havina karatasi. Eneo la straiki halikuchorwa hewani, liko kichwani mwa mtu mmoja aliyeinama nyuma ya mdakaji, na kanuni inasema uamuzi wake hapo haupingwi. Kama kuna mahali ambapo dharau kwa mtoto mwenye jina geni inaweza kupenya bila kuonekana, ni hapo.

Mzazi afanye nini basi? Kupiga kelele hakusaidii, na mwamuzi ana mamlaka ya kumwondoa kocha na hata kusimamisha mchezo watazamaji wakivuka mpaka. Kinachosaidia ni kuangalia ulinganifu. Waamuzi hawafanani: mmoja hutoa straiki za chini, mwingine hapendi mpira wa chini kabisa. Hilo si kosa. Kosa ni mpira wa chini kuwa straiki kwa mtoto wako na kuwa boli kwa mtoto wa wenzako, zamu baada ya zamu. Keti nyuma ya uzio, usawa wa bamba, si pembeni karibu na beisi ya tatu ambako hakuna binadamu anayeweza kujua mpira umepita juu ya bamba au la. Andika: zamu ya ngapi, mpigaji nani, mpira ulipita wapi, uamuzi gani. Fanya hivyo kwa michezo mitatu. Ukiwa na karatasi hiyo, unazungumza na kocha au shule ukiwa na kitu mkononi, na wala huhitaji kutaja neno ubaguzi ili usikilizwe. Na huenda ukagundua, kama ilivyo mara nyingi, kwamba mwamuzi amekosea pande zote mbili kwa usawa. Wengi wa waamuzi wa michezo ya watoto ni walimu au wazazi waliojitolea Jumamosi yao.

Pale ambapo mwamuzi hakukosea kwa jicho bali kwa kanuni, mlango wa malalamiko uko wazi. Tofauti ni hii: "mpira ulipita juu ya bamba" ni jicho, halipingwi. "Straiki ya tatu ilidondoka, beisi ya kwanza tupu, na umemtoa bila kumpa nafasi ya kukimbia" ni kanuni, inapingwa. Anayepinga ni kocha, si mzazi. Anaomba mchezo usimamishwe, anamwendea mwamuzi kwa utulivu na kusema anapinga matumizi ya kanuni. Mwamuzi anawaita wenzake, wanashauriana, na wasiporekebisha mchezo unaendelea kwa masharti huku mwandishi wa alama akiandika hali ilivyokuwa: zamu, hesabu ya boli na straiki, wakimbiaji walipo, waliotolewa. Kwa kawaida malalamiko hayo yatolewe kabla mrushaji hajarusha mpira unaofuata.

Huenda msomaji akauliza kama mchezo huu unastahili taabu yote hii. Tangu softiboli ya wanawake ilipoingia Olimpiki mwaka 1996 hadi michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, hakuna hata timu moja ya Afrika iliyowahi kushiriki. Itarudi tena kwenye michezo ya Los Angeles ya 2028, ingawa mechi zenyewe zitachezwa mbali, mjini Oklahoma City. Upande wa besiboli Uganda walitangulia. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za ligi ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Kampala kushinda nafasi hiyo na kunyimwa viza. Waliifunga timu ya Oregon 3-2.

Kwa wazazi wa Rosettenville, kwa muhula huu, tungependekeza jambo la karibu zaidi. Shule nyingi huhangaika kupata mtu wa kuandika alama. Kazi hiyo haihitaji lafudhi, inahitaji penseli na macho. Anayeishika kitabu anakaa nyuma ya uzio na orodha ya zamu za timu zote mbili mapajani, na kwa desturi naye, kama mwamuzi, akiona Furaha ameingia mahali pa Asha hutakiwa kunyamaza.